Silabi za Kabatini

Kabati la nguo la mke wangu ni la mbao nzito, lina milango miwili na kioo kilichoanza kuota madoa, na mtu mzima akivua viatu anaweza kuketi ndani yake juu ya kigoda bila kugusa dari. Nalijua hilo kwa yakini. Nilikaa humo alasiri nzima, mimi mwalimu mkuu mstaafu, magauni yakinigusa masikio, nikitamka ba, be, bi, bo, bu kwa simu iliyofungwa kwenye kiango cha nguo.

Aliyeniweka humo ni mjukuu wangu wa kike, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo, anayejifunza kazi ya kuunda programu za kompyuta. Nyumbani tunamwita Kwanini, jina alilojipatia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa kuwa kila alichoamriwa alikidai sababu. Likizo zake huzimalizia kwetu, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, mbele ya kompyuta ambayo bawaba yake imefungwa kwa utepe wa kitambaa. Huweza kukaa muda mrefu akiitazama dari, midomo imeachana kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua ambayo bado haijanyesha. Ghafla vidole vyake huanza kukimbia. Mke wangu hupita akitembea kwa ncha za vidole na kuninong'oneza kwamba mke mwenzake amekwenda safari, tusimwamshe.

Sikuipenda kazi hiyo mara moja. Nilidhani ni mchezo uliovalishwa suti. Lakini siku moja nilimkuta ameinama mbele ya kioo cha kompyuta, amekunja uso, na nilipomuuliza akanieleza kuwa programu yake yote imekataa kwenda kwa sababu ya nukta mkato moja aliyoisahau. Nikamwomba arudie. Akarudia: maagizo yote ni sahihi, ila penye nukta mkato hapana nukta mkato, na mashine haitaki kukisia. Nilivuta kiti nikaketi. Kwa miaka yangu yote ya ualimu nilikuwa nimetafuta kiumbe mwenye msimamo wa namna hiyo, nisimpate hata miongoni mwa wakaguzi. Tangu siku ile nikaiheshimu kompyuta, nikamwambia mke wangu kuwa chombo kile kimelelewa.

Mradi wake wa kumalizia masomo aliuchagua mwenyewe. Katika kliniki ya macho, alinieleza, wagonjwa hutiwa matone yanayopanua mboni ili daktari aone ndani ya jicho. Akishatiwa, mgonjwa haoni sawasawa. Kila kitu huyeyuka. Hata hivyo, kliniki ilikuwa imetundika ukutani kioo chenye kuonyesha nambari, na wagonjwa walikaa chini yake wakiitazama mianga ikibadilika kama samaki ndani ya maji, hakuna anayejua zamu ni ya nani. Kwanini alikusudia kuunda programu itakayowaita watu kwa sauti, kila mmoja kwa jina lake kamili.

Sauti iliyokuja na kompyuta yake haikufaa. Iliyatamka majina ya watu kana kwamba ina kiazi cha moto mdomoni. Aliitaka sauti isiyomeza silabi, na akasema kwamba katika ukoo wetu mzima anamjua mtu mmoja tu asiyemeza silabi. Sitasema kuwa sikufurahi.

Basi nikaingia kabatini, maana nguo hunyonya mwangwi. Kwanini aliketi nje ya mlango, vipokea sauti masikioni, akinipa safu moja baada ya nyingine: ma, me, mi, nya, nye, nyi. Giza lilinukia karafuu na sabuni ya kufulia. Baada ya muda silabi zilianza kupoteza uzito. Zilitoka kinywani mwangu zikaelea katikati ya magauni kama vumbi lipitalo kwenye mwali wa jua, nami nikahisi kwamba nimefika mahali maneno yanapokaa kabla hayajaajiriwa. Kote nilikopita katika maisha yangu nilizifundisha silabi hizo ili ziungane. Sasa nilikuwa nikizirudisha moja moja, na kila moja ilikuwa nzima.

Mke wangu alibisha mlango wa kabati. "Mwalimu," akasema, "ukimaliza kuyafundisha hayo magauni, niletee shali yangu. Iko darasa la nyuma."

Silabi zilipotimia, Kwanini akaeleza sehemu ya pili. Programu yake ingeziunganisha silabi ziwe jina lolote lile, lakini jina lina pia wimbo wake, kupanda na kushuka kwa sauti, na wimbo huo angeupata kwa kunisikiliza nikisoma majina machache. Nikamuuliza niyasome vipi. Akajibu, bila kuinua macho, kwamba niyasome kama nilivyozoea kusoma majina.

Niliyasoma kama nilivyozoea. Jina huanzia juu na kuteremka kwa mkupuo mmoja, likatulia mwishoni kama rula iliyolazwa mezani. Kwanini akacheka kwa furaha na kusema wimbo umenasa.

*

Jaribio lilipangwa kufanyika asubuhi moja tu. Muuguzi mkuu wa kliniki, mama mrefu asiyependa mashine, alikubali kwa sharti alilolitamka mbele yetu sote: akirudi kutoka wodini akikuta ukumbi bado umejaa, kila waya utatoka, na hatataka kuuona tena. Mhadhiri anayemsimamia Kwanini naye alikuwepo, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa. Mradi usiofanya kazi mbele ya watu chuo hakiupitishi, na mwanafunzi hurudia mwaka. Kwanini alinieleza hayo tukiwa njiani, kwa sauti ya kawaida, lakini alinieleza mara mbili.

Mimi nilikwenda kama mgonjwa. Jicho langu la kulia limeanza kufungwa na mtoto wa jicho, na nilikuwa na miadi siku hiyo hiyo. Muuguzi kijana alinitia matone nyuma ya pazia la kijani, akaniongoza hadi kwenye benchi, akaniacha.

Ulimwengu ukaanza kulegea polepole. Kwanza kingo za mambo ziliondoka: ukingo wa dirisha, ukingo wa mlango, mstari baina ya ukuta na sakafu. Mwanga uliingia kutoka madirishani ukajaa ukumbini kama maziwa yanayomiminwa ndani ya maji, na ndani yake watu walikaa kimya safu kwa safu, wamevimba kwa nuru, hawana nyuso. Mtu alipopita alipita kama wazo. Nilijua kuwa upande wangu wa kushoto ameketi fundi seremala mmoja mzee, kwa sababu alinukia mbao mpya na gundi, na nilimtambua kwa kikohozi; nilimfundisha akiwa hajang'oa meno ya utotoni. Zaidi ya nusu ya ukumbi ule walikuwa watu wa rika lake, na kwa miaka mingi mtaa wetu haukuwa na shule nyingine ila yangu. Yeye hakunijua. Sikujitambulisha.

Kisha sauti ikatoka darini.

Ilikuwa yangu, na haikuwa na mimi ndani yake. Iliteremka kutoka kwenye mwanga ule mweupe, timilifu, kila silabi imesimama kwa miguu yake, ikalitaja jina la mama muuza maua wa mtaani kwetu. Niliona haya kidogo kwa kiasi nilivyojivunia.

Mama muuza maua akasimama wima. "Nipo," akasema, akaketi.

Sauti ikamwita tena. Akasimama tena, akajibu kwa nguvu zaidi, akaketi. Ikamwita mara ya tatu. Akajibu kwa uchungu, kama mtu anayedhaniwa mwongo. Sauti ikaendelea kwa jina jingine.

"Huyo ni Mwalimu," mtu akanong'ona nyuma yangu.

"Mwalimu gani?"

"Wewe, Mwalimu ni mmoja. Kaa wima."

Nilisikia mabenchi yakilia watu walipojinyoosha. Fundi seremala alifunga vifungo vya shati lake hadi shingoni. Majina yaliitwa, nao wakajibu mmoja baada ya mwingine, nipo, nipo, nipo, wazee kwa ajuza, wenye mvi na wenye vipara, na vijana wasionijua wakafuata mfano wa wakubwa wao. Ajuza mmoja alimweleza jirani yake kwamba bila shaka daktari hajafika, ndiyo maana wanahesabiwa kwanza. Huo ndio utaratibu. Jirani akakubali kuwa zamani mambo yalikuwa na utaratibu. Ukumbi mzima ulijaa amani. Nami niliketi katikati ya nuru ile nikiwasikiliza, na ilionekana kana kwamba kengele imegonga mahali fulani, na wote waliokua wakaondoka na kusahau wamerudishwa kwa zamu, madaftari yao mapajani, hakuna aliyekosekana.

Ni nadra mtu kuiona kazi yake ikiwa imekamilika kiasi hicho. Nilitaka isikome.

Mlango wa chumba cha daktari ulifunguka, na sauti ya daktari ikauliza kwa mshangao kama leo hakuna wagonjwa.

Kwanini alitoka mbio kutoka kwenye chumba kidogo cha nyuma alikokuwa na kompyuta yake. Mhadhiri alimfuata kwa mwendo wa viatu vinavyong'aa. Nilisikia mazungumzo yao, kwa kuwa asiyeona husikia. Mhadhiri alisema ameisoma programu mstari kwa mstari. Iliamriwa kumwita mtu mara tatu, na asipoingia kwa daktari impeleke mwisho wa foleni. Imefanya hivyo hivyo, imewaita wote na kuwapeleka wote mwisho, na sasa imeanza upya.

"Programu yako haina kosa hata moja," akamalizia, "na haifanyi kazi."

Kwanini alisimama katikati ya ukumbi, umbo jembamba lililotikisika kwenye mwanga, akisubiri. Darini likatajwa jina. Kwenye benchi mtu akasimama, akasema nipo, akaketi. Nilimsikia mjukuu wangu akivuta pumzi. Alikuja moja kwa moja akachuchumaa mbele yangu, akaninong'oneza ili jirani asisikie.

"Babu, ukiita mahudhurio, mtoto hufanya nini?"

"Husimama, husema nipo, huketi."

"Na akitoka nje ya mstari akaja kwako?"

"Kwa nini aje? Hajaitwa aje. Ameitwa awepo."

Nilipokwisha kulisema neno hilo nikalisikia.

Mhadhiri alipendekeza irudishwe ile sauti ya mwanzo, yenye kiazi mdomoni. Kwanini alikataa, akasema kwamba yule hawataji watu, huwatafuna. Silabi ni nzima, akamwambia. Kilichoharibika ni wimbo tu. Kama Babu atasoma tena majina machache kwa wimbo mwingine, programu itaubandika kwenye majina yote palepale. Aliomba muda mfupi. Mhadhiri akamkumbusha kuwa kazi ya wodini haichukui siku nzima, na muuguzi mkuu yuko njiani kurudi.

Alinishika mkono akaniongoza kupitia mwanga hadi ghala la mashuka. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha, rafu kutoka chini hadi juu, mablanketi yamekunjwa kwa ustadi, kila kitu kinanukia pasi ya moto. Nikaketi juu ya furushi. Kwanini akanipa jina, nikaliita.

"Bado, Babu. Hayo ni mahudhurio."

Nikalainisha sauti.

"Hapo umempa pole. Atadhani amefiwa."

Nikaongeza furaha. Akasema sasa nimekuwa kama muuza sabuni. Nikarudia, akasema, "Tena." Nikarudia, akasema, "Tena, Babu." Na ilinijia kwamba sijawahi kuambiwa neno hilo "tena" na mtu yeyote tangu nilipokuwa mtoto wa kaptura. Nikamwambia kwa ukali kwamba jina ni jina, na mtu mwenye adabu akilisikia lake hujua la kufanya.

"Hawajui pa kwenda, Babu," akasema taratibu. "Hawaoni. Wewe unawaambia umewaona, basi wao wanatulia."

Nje, mtu alipita na kitoroli, mlango ukatikiswa na upepo ukajifunga, na mwanga mdogo uliokuwapo ukazimika.

Giza lile halikuwa kama la kabatini. Kabatini nililifahamu kila vazi. Hapa, macho yangu yakiwa yamefunguliwa kwa dawa kama milango ya nyumba isiyo na mtu, sikuona hata weusi. Niliona kitu kama ukungu unaopumua, hauna mbele wala nyuma. Rafu ziliondoka. Sakafu ilikuwepo chini ya viatu vyangu tu. Nilinyoosha mkono nikagusa hewa, nikausogeza zaidi, nikagusa hewa. Sikumsikia Kwanini akipumua. Sikujua kama yuko karibu au ametoka, na chumba kilizidi kuwa kikubwa.

Nikamwita. Nilimwita jina lake la nyumbani.

Hakuitika mara moja. Nikamwita tena, na safari hii nilisikia mwenyewe jinsi sauti ilivyotoka: haikutulia mwishoni. Ilibaki wazi, imeegemea mbele, kama mkono wangu.

"Nipo hapa," akasema kwa sauti iliyokauka, karibu kabisa na goti langu. "Babu, usibadilishe chochote. Sasa mwite mama muuza maua."

Nilimwita. Akanong'ona jina jingine, nikaliita. Sikuwa nikisoma tena. Kila jina nililoliacha liende lilikwenda ndani ya ukungu ule na kumtafuta mwenyewe, na nilingoja kidogo, kwa kweli nilingoja, mpaka nikahisi kwamba huko mwisho mtu ameinua kichwa. Nikawaona, ikiwa kuona ni neno lake, wakija mmoja mmoja kutoka mbali sana, viganja vyao vikipapasa ukutani, wengine wazee, wengine wangali na kaptura, wote wakiifuata sauti isiyojua walipo. Fundi seremala alikuja na vumbi la mbao nyweleni. Mtu niliyekwisha kumzika alikuja pia, ingawa hakuwa ameitwa, akapita kwa heshima.

Kwanini alifungua mlango. Alinirudisha kwenye benchi langu, akakimbilia chumba cha nyuma.

*

Darini pakawa kimya. Watu wakaanza kunung'unika. Kisha jina la mama muuza maua likashuka ukumbini, silabi zake zote nzima, na mwisho wake haukufunga.

Hakusema nipo. Nilisikia benchi likilia, nikasikia kandambili zikisita, zikaenda, zikasita, na sauti ikamwita mara nyingine, zikaenda tena kwa uhakika zaidi, hadi mlango wa daktari ulipofunguka na kufungwa. Wa pili akainuka. Wa tatu alikosea njia akaelekea dirishani, akaitwa, akageuka. Jina lilipochelewa kupata mwenyewe, sauti iliendelea kumngoja pamoja naye. Mabenchi yalipungua watu polepole, na nuru ile nyeupe ikawa na nafasi ya kukaa.

Muuguzi mkuu alirudi. Nilimjua kwa visigino. Alisimama mlangoni, na wagonjwa wawili wakampita wakielekea kwa daktari, bila kushikwa mkono na mtu. Alimuuliza Kwanini kama mashine yake inaweza kuwashwa mapema zaidi, kabla yeye hajaingia kazini, kwa kuwa watu hufika alfajiri. Kwanini akajibu kwamba inaweza. Mhadhiri alikohoa, akasema angependa wimbo ule wa pili uelezwe kwenye ripoti, maana hajawahi kukisoma kitu cha namna hiyo popote. Mjukuu wangu alimwita bwana na kumshukuru kwa utulivu mkubwa. Kisha akarudi chumba cha nyuma, na nikamsikia, mimi peke yangu, akiangua kilio kifupi cha furaha na kupenga kamasi.

Tulibaki wachache. Ajuza aliyependa utaratibu alimwegemea fundi seremala.

"Wamembadilisha Mwalimu," akasema. "Wameleta mwingine."

"Nimesikia."

"Si yeye yule yule, kweli?"

"Yule?" Fundi seremala alifungua kifungo cha shingoni. "Mimi alinifundisha, dada yangu. Mwalimu alituita kila siku, lakini hakuna aliyepata kuthubutu kumwendea. Huyu ni mtu mwingine kabisa. Huyu ukimsikia unatamani ufike."

"Basi ni nani?"

"Hata mimi simjui."

Alikuwa amekosea jambo la wazi, tena mbele yangu, na maishani mwangu sijaacha kosa likapita bila kulisahihisha. Nilifungua kinywa. Darini sauti ikamwita yeye, fundi seremala, ikamngoja. Akainuka, akanigusa bega kwa bahati mbaya, akaniomba radhi kama anavyoombwa mtu asiyejulikana, akashika njia kwa mkono mmoja mbele.

Nikakifunga kinywa changu, nikasikiliza kama amefika.